Gari ya dizeli inagoma asubuhi? Pima saketi ya hita plagi kabla hujanunua chochote

Wakuu, kuna kitu kimoja nataka kikae kichwani kabla hatujashika spana. Ile taa ya manjano yenye alama ya koili kwenye dashibodi haikuambii kwamba hita plagi, vile vijiti vya umeme vinavyopasha joto ndani ya silinda hedi ili dizeli iwake, zimepata moto. Kwenye Toyota nyingi za zamani tunazoendesha huku, Hiace na Hilux za injini ya 2L, 3L na 5L, Land Cruiser za injini ya 1HZ, ile taa inaongozwa na taima tu. Taima inaangalia maji ya injini yana joto kiasi gani, inahesabu sekunde zake, inawasha taa, inazima, kazi imeisha. Plagi zote zinaweza kuwa zimekufa, fyuzi imekatika, na bado taa ikawaka vizuri ikazima vizuri, na wewe umekaa hapo unabisha na fundi kwamba hita ziko poa mbona taa inawaka. Na kinyume chake kipo pia, balbu ya taa imeungua siku nyingi lakini plagi zinachemka kama kawaida.

Kwa watu wa pwani hili jambo linajificha sana. Gari iko Dar au Mombasa, usiku kucha joto halishuki, asubuhi unapiga stata inasita kidogo inawaka, mwaka unaisha hujui kama una plagi moja nzima kati ya nne. Halafu unapata safari ya Njombe au Makete mwezi wa saba, unalala, asubuhi unapiga stata mpaka betri inachoka na fundi wa gereji ya pale anaanza kukwambia habari ya pampu. Wa Limuru, Kinangop na Timboroa wananielewa bila maelezo. Kwa hiyo ukinunua gari ya dizeli iliyotoka pwani na unaipeleka nyanda za juu, pima hivi vitu mapema.

Kwanza hakikisha ni hita kweli

Dizeli haina cheche ya kuwasha mafuta, inategemea joto la hewa iliyobanwa na pistoni. Injini zenye kichemba kidogo pembeni ndani ya silinda hedi, ndio hizo 2L, 3L, 5L, 1HZ na hata 1KZ ya Prado, hewa ikisukumwa kwenye hicho kichemba inagusa chuma cha baridi na joto lake linaibiwa, kwa hiyo ncha ya hita plagi inakaa humohumo kufidia. Ndio maana hizi injini zikikosa hita zinadeka sana kwenye baridi. Zile zinazopuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, kama 1KD na 2KD, zinavumilia zaidi, zinaweza kuwaka na plagi zilizokufa mpaka siku ukutane na baridi kweli.

Dalili halisi ya hita ni hii: injini ikiwa baridi inakataa, unapiga stata inazunguka kwa nguvu nzuri, ekzosi inatoa moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi, halafu inashika silinda moja, mbili, inatetema na kumisi kwa muda, ikipata joto inatulia, na siku nzima ukizima ukiwasha haina shida. Huo moshi mweupe ni rafiki yako maana unakwambia mafuta yanafika ila hayaungui. Ukipiga stata na ekzosi haitoi moshi hata kidogo, achana na hita kwa sasa, mafuta hayafiki. Kuna hewa kwenye laini, au ile solenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu haifunguki. Jaribio la haraka: asubuhi kabla ya kupiga stata bonyeza pampu ya mkono juu ya filta ya dizeli mpaka iwe ngumu. Ikiwaka papo hapo siku ukipampu na kugoma siku usipopampu, basi mafuta yanarudi kwenye tangi usiku, tafuta paipu au filta inayonyonya hewa. Nimeona watu wamebadilisha seti nzima ya plagi kwa ugonjwa wa paipu ya mpira iliyopasuka.

Stata ikizunguka kivivu, shida ni betri, terminali au stata yenyewe, kwa sababu hewa ikibanwa polepole joto linakimbia. Na gari ikigoma hata ikiwa imeshapata moto, hiyo sio hita, angalia kompresheni, nozeli za kupulizia mafuta, pampu. Nasema hivi kwa sababu kuna tabia ya kutupia kila kitu kwenye hita plagi kwa kuwa ndio rahisi kutamka.

Umeme unapita wapi

Njia yenyewe ni fupi. Kutoka betri umeme unapita kwenye fyuzi kubwa (kwenye boksi la fyuzi la injini imeandikwa GLOW, gari nyingi za Toyota ni ya ampea 80), unaingia kwenye rilei nene ya hita (swichi inayofungwa kwa umeme), unatoka na waya mnene mpaka kwenye bati refu linalounganisha vichwa vya plagi zote, kila plagi inapitisha umeme ndani yake na kumalizia ethi, yaani upande wa hasi kupitia chuma cha injini, kwenye silinda hedi. Hapo ndipo ampea nyingi zinapita. Pembeni yake kuna njia nyingine nyembamba ya amri: ufunguo, taima au kompyuta, sensa ya joto la maji, halafu zile terminali mbili ndogo za rilei. Baadhi ya mifumo ya zamani ina rilei mbili na kipande cha rezista (kinachozuia umeme usipite wote) katikati, ya kwanza inachemsha haraka kwa umeme mzima, ya pili inapitia kwenye rezista kupunguza umeme na kuendelea kupasha hata baada ya injini kuwaka. Fungua boneti ujue yako ni ipi kabla hujaanza, maana kama ina rezista usomaji wa volti utabadilika na ukashtuka bure.

Jambo lingine, pima injini ikiwa imelala usiku kucha. Ukipima saa nane mchana injini ina moto, taima haitoi amri au inatoa ya kupepesa tu, halafu utaandika rilei mbovu wakati rilei ni nzima kabisa.

Kipimo cha dakika mbili bila kufungua chochote

Weka mita kwenye terminali za betri, upande wa volti za DC. Betri nzima iliyochajiwa inasoma kama 12.6. Mwambie mtu afungue ufunguo mpaka ON asipige stata, wewe angalia namba. Hita zikiwa zinafanya kazi, volti zinashuka kwa nusu volti au zaidi mara moja, zinakaa hapo, halafu baada ya muda unasikia "tak" ya rilei ikiachia na namba inapanda tena. Taa ya dashibodi inaweza kuzima kabla ya hiyo "tak", ni kawaida. Namba isiposhuka kabisa zaidi ya ule mshuko mdogo wa taa za dashibodi, hakuna plagi hata moja inayokula umeme. Ikishuka kidogo tu, pengine moja au mbili ndio zinafanya kazi.

Mwenye mita ya kukumbatia waya yuko mbele zaidi, ila hakikisha inasoma DC. Nyingi anazobeba fundi umeme wa majumbani zinasoma AC peke yake, utaikumbatisha kwenye waya itakwambia sifuri na utahukumu gari bila kosa. Ikumbatishe waya unaokwenda kwenye bati la plagi. Plagi moja ya volti 12 ikiwa baridi inaweza kula ampea 15 mpaka 20 mwanzoni, halafu kadri inavyopata moto ukinzani unapanda na ampea zinashuka, inatulia kama 8 mpaka 10. Kwa hiyo injini ya silinda nne unategemea kuona juu ya ampea 50 mwanzo halafu inashuka kuelekea 30 na kitu. Ukikuta robo tatu ya hiyo, plagi moja imekufa, ukikuta nusu, mbili. Na ampea zisiposhuka kabisa zikakaa palepale juu, kuna kitu kinapiga shoti, zima haraka.

Umeme unafika kwenye bati?

Hapa ndio njia panda. Pini nyekundu ya mita kwenye bati la plagi, nyeusi kwenye chuma kisafi cha injini, ufunguo ON. Ukipata volti za karibu na betri, njia ya juu yote ni nzima, ugonjwa uko kwenye plagi. Ukipata sifuri, ugonjwa uko juu, fyuzi, rilei au amri.

Ila angalizo kubwa, pima bati likiwa limefungwa kwenye plagi, yaani mzigo upo. Volti bila mzigo zinadanganya vibaya. Fyuzi iliyopasuka nusu, terminali yenye kutu ya kijani, kontakti za rilei zilizoungua, zote zitakuonyesha volti 12 safi kama hakuna kinachokula umeme, ukifunga plagi volti zinaanguka mpaka 7 au 6 na plagi zinapata vuguvugu tu. Soma volti za betri na za bati kwa wakati mmoja, kwenye mfumo usio na rezista tofauti ikizidi kama volti moja kuna sehemu inakula umeme njiani. Ili kujua ni wapi, weka pini moja kabla ya fyuzi na nyingine baada ya fyuzi hita zikiwa zinafanya kazi, halafu hivyohivyo kwenye rilei, kipande kinachoonyesha volti nyingi ndio mwizi. Usisahau upande wa ethi, pini moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bloku ya injini. Ikionyesha zaidi ya pointi chache za volti, ethi ya injini imelegea au imeoza, na hiyo inaua stata pia.

Plagi moja moja

Bati lazima litoke. Likiwa limefungwa plagi zote zimeungana, ukipima omu (ukinzani) ya moja unapima zote kwa pamoja, na plagi iliyokufa inajificha nyuma ya nzima. Toa waya hasi wa betri kwanza, fungua zile nati ndogo taratibu, zinapenda kuanguka na kupotelea juu ya kinga ya chini, na zingatia vibushi vya plastiki vinavyozuia bati lisiguse chuma. Kama kimoja kimevunjika na bati linagusa hedi, ndio sababu ya fyuzi yako kukatika kila mara, umepata jibu bila kupima kitu. Injini zingine manifoldi ya hewa inaziba plagi, hapo hakuna ujanja, itoe.

Kipimo rahisi ni taa ya kupimia yenye balbu ya kawaida. Rudisha betri, bana taa kwenye chanya, gusa ncha yake juu ya kichwa cha plagi. Balbu ikiwaka, koili ya ndani haijakatika. Isipowaka, plagi imekufa, hakuna mjadala. Tumia balbu, ya indiketa inafaa sana, usitumie zile testa za LED, LED inakula umeme kiduchu mno, itawaka hata kwenye plagi yenye uchafu unaovujisha tu na utaipa plagi mbovu cheti cha uzima.

Ukitaka undani, chukua mita kwenye omu, weka kwenye kipimo cha chini kabisa. Kabla ya yote gusanisha pini mbili za mita zenyewe, mita za bei rahisi zitasoma 0.3 au 0.4 hata bila kitu, iandike utaitoa baadae. Plagi nzima za volti 11 au 12 zikiwa baridi zinaangukia nusu omu mpaka kama moja na kitu, za volti 6 ziko chini zaidi. Usihangaike sana na namba ya kitabu, linganisha plagi kwa plagi. Tatu zikisoma 0.7 na moja ikasoma 3, hiyo ya 3 inakwenda. Mita ikiandika OL au 1 peke yake upande wa kushoto, imekatika.

Lakini kusoma omu nzuri sio sawa na kupata moto pale panapotakiwa. Kuna plagi, hasa za feki zilizojaa madukani, zinasoma vizuri ila zinapata moto karibu na shingo wakati ncha iko nyeusi, na ncha ndio iko kwenye chemba. Ukiwa na wasiwasi chomoa uipime nje. Ibane kwenye vaisi au plaizi ya kujifunga, kebo hasi ya kujampia kwenye mwili wenye nyuzi za kufungia, kebo chanya iguse kichwa cha juu, na ule muunganiko wa mwisho ufanye mbali na betri maana cheche karibu na betri inayotoa gesi ni hatari. Vaa miwani. Ya volti 12 nzima inaanza kuwa nyekundu kutoka nchani ndani ya sekunde kama kumi hivi, inapanda. Ikianzia katikati, au ikichelewa sana kuliko wenzake, itupe. Hii haihusu plagi za volti ndogo. Soma maandishi kwenye mwili wake kwanza, ikiwa imeandikwa 6V au chini usiipe 12 ukaishikilia, itaungua mkononi mwako na ncha inaweza kupasuka.

Umeme haufiki kwenye bati

Anza na fyuzi, ya GLOW. Nyingi ni zile zinazofungwa na skrubu chini, zina kidirisha cha plastiki juu, na zina tabia ya kupasuka ufa mdogo ambao kwa macho huuoni. Usiiamini kwa kuitazama, pima pande zake mbili kwa taa ya kupimia, safari hii imebanwa kwenye ethi, upande mmoja ukiwasha na mwingine usipowasha imekufa. Usiweke waya mtupu badala yake. Ampea za hapo zinatosha kuchoma waya wote wa injini na gari ikaishia hapo barabarani. Na fyuzi kubwa namna hiyo haikatiki bila sababu, kabla ya kuweka mpya angalia bati, vibushi, na waya mnene unakopita karibu na ekzosi.

Fyuzi nzima? Rudi kwenye rilei. Shika kwa mkono, mtu afungue ufunguo. Ukisikia na kuhisi "tak" amri inafika, sasa pima terminali mbili kubwa, moja ina 12 muda wote, nyingine ipate 12 ikishagonga. Ikigonga na upande wa pili hakuna kitu au volti pungufu, kontakti za ndani zimeungua, badilisha, usiifungue kupiga msasa, itakurudisha gereji wiki ijayo. Ukitaka uhakika unganisha hizo terminali kubwa mbili kwa kebo nene kwa sekunde kama tano mpaka nane, tena kwa mfumo wa plagi za volti 12 tu, piga stata. Ikiwaka vizuri plagi ziko sawa na rilei au amri ndio tatizo.

Isipogonga kabisa, chomoa soketi ndogo ya rilei, weka mita kwenye zile waya mbili nyembamba, ufunguo ON injini baridi. Ukiona 12 kwa sekunde kadhaa, amri ipo na koili ya rilei imekatika. Usipoona, pima kila waya kivyake kujua kama kinachokosekana ni chanya au ethi. Kuna gari ethi ya rilei inafungwa kwenye bodi kwa skrubu moja tu, ikishika kutu rilei inanyamaza na watu wananunua taima mpya.

Amri ikikosekana angalia fyuzi ndogo za ndani ya gari, halafu sensa ya joto la maji. Sensa za Toyota nyingi zinasoma omu 2,000 mpaka 3,000 kwenye nyuzi joto 20, na 200 mpaka 400 kwenye nyuzi joto 80. Ukikuta asubuhi ya baridi sensa inasoma 300, inamwambia taima kwamba injini ina moto na hakuna haja ya hita. Kwenye taima za zamani ukichomoa waya wa sensa mara nyingi inadhani kuna baridi kali na inapasha muda mrefu, kwa hiyo ukiichomoa na hita zikafufuka, mchawi ni sensa. Gari za kompyuta hazifuati hivyo, ikikosa sensa inakisia joto lake yenyewe na inaweza isipashe kabisa. Taima yenyewe iache mpaka mwisho, inakufa mara chache kuliko inavyosingiziwa.

Mbona zinaungua kila mara

Hili watu wanaliruka. Unabadilisha plagi, miezi inapita, zimekufa tena. Ziangalie ulizotoa. Zote zimekufa pamoja na ncha zimevimba: rilei inaganda haiachii, au umeweka plagi za volti isiyo yake, au alternata inachaji kupita kiasi, pima injini ikiwaka ikizidi 14.8 kwenye mfumo wa 12 ujue regyuleta ina shida. Rilei iliyoganda utaijua kirahisi, injini imeshapata moto, bati la plagi bado lina umeme.

Ikiwa inakufa ileile ya silinda ileile na ncha imeyeyuka au imeliwa, acha kuilaumu plagi, nozeli ya silinda hiyo inakojoa badala ya kupuliza ukungu, au taimingi ya pampu imewekwa mbele mno. Peleka nozeli zikapimwe, maana moto ule unaoyeyusha ncha ya plagi utafika kwenye pistoni.

Na hili la kuchanganya volti: plagi zinafanana sura na nyuzi, muuzaji anakwambia "hii inaingia", ndio inaingia. Angalia maandishi ya zile zilizotoka, linganisha na mfumo wako kama ni wa 12 au 24, Land Cruiser za 24 zipo nyingi tu. Ukiweka za volti 6 kwenye mfumo uliotengenezwa kwa plagi za 12, asubuhi ya kwanza gari itawaka kwa kishindo utafurahi, haitachukua muda zitakuwa zimekufa.

Kuchomoa bila kuvunja

Plagi iliyovunjikia ndani ya hedi ni gharama kubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Pasha injini mpaka ishike joto la kazi, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka shingo, acha yaingie, tumia boksi ndefu (Toyota nyingi ni namba 12), na nguvu ya mkono tu. Ikikaza rudisha nyuma kidogo, mbele kidogo, ongeza mafuta. Usitumie mashine ya hewa. Ikilegea nyuzi zote na bado haitoki, ncha imevimba ndani, vuta ikiwa inazungushwa taratibu, usiipige. Kabla ya kuweka mpya safisha tundu toa kaboni, paka grisi ya kuzuia kugandia kwenye nyuzi kidogo sana, ingiza kwa vidole mpaka mwisho ndio ukaze, kama namba hazipo kichwani basi jua ni kukaza kwa adabu, kwenye hizi Toyota ni newtoni mita 13 hivi, sio kwa nguvu ya nati ya tairi. Nati ya juu ya bati ndio kabisa, ukizidisha unakata kichwa cha plagi mpya.

Swichi ya kubonyeza na spirei

Gari nyingi utakuta fundi amekata waya wa taima akaweka swichi ya kubonyeza karibu na usukani. Siipingi, kijijini ambako taima haipatikani inakuokoa. Ila swichi iendeshe zile terminali ndogo za rilei, sio ibebe umeme wote wa plagi wenyewe. Nimeona swichi ya honi imepitishiwa ampea za plagi nne, plastiki imeyeyuka na waya umeacha mistari myeusi kwenye dashibodi. Na ukiwa nayo hesabu mwenyewe, sekunde nane mpaka kumi na tano kwa baridi inatosha kwa plagi za 12, anayeishikilia dakika nzima "ili ipate moto vizuri" anachoma plagi zake.

Spirei ya kuwashia, au ule mtindo wa kuwasha tambara lenye petroli mdomoni mwa eaklina (boksi la filta ya hewa), usifanye kwenye injini yenye hita. Plagi ikiwa nyekundu inawasha ile gesi kabla pistoni haijafika juu, unasikia mlio kama nyundo, ringi zinavunjika, kondrodi inapinda. Gari ikishazoea hiyo spirei kila asubuhi kwa sababu ringi zimechoka, hita mpya hazitaiponya.

Gari mpya zenye kompyuta

Kwenye komonreli nyingi, yaani dizeli za kisasa ambazo kompyuta inaongoza upulizaji wa mafuta, kompyuta inaangalia saketi yenyewe na inaandika kodi ya hitilafu. P0380 ni saketi ya hita kwa ujumla, P0670 ni upande wa moduli inayoongoza plagi, P0671 mpaka P0674 zinataja silinda ya 1 mpaka ya 4. Kodi ya silinda haimaanishi plagi imekufa moja kwa moja, waya wake au soketi vinaleta kodi ileile, kwa hiyo pima omu kabla ya kununua. Nyingi kati ya hizi plagi ni za volti 4 na kitu, 5 au 7, moduli inazipa umeme kwa kukatakata, na zingine ncha zake ni za seramiki, ukidondosha moja sakafuni usiirudishe hata kama inasoma vizuri, kipande kikivunjikia ndani ya silinda kitakula pistoni. Hizo usizijampe na betri, usiziwekee swichi, usizipime kwa kuzichemsha nje. Omu, waya, moduli, na kodi ikifutwa washa asubuhi inayofuata uone kama inarudi.